Tairi Nilizomchagulia Mwalimu Nasimiyu

Jumapili jioni, Bungoma. Mvua imekatika sasa hivi, baridi kiasi, na matope ya barabara ya Chwele bado yako ndani ya masikio yangu. Nimeoga mara mbili. Hayatoki.

Nianze na hili, maana mkono unaniwasha kuliandika: mimi nina bahati ya tairi ambayo hakuna mtu mwingine anayo kutoka Kitale mpaka hapa. Miaka sita ya mbio za baiskeli na sijawahi kupata pancha. Hata moja. Msumari ukiniona unainama. Chupa zilizovunjika zikisikia ni mimi nakuja, zinajikusanya zenyewe kando ya barabara.

Klabu yetu yote inajua. Kabla ya mbio watu huja mmoja mmoja, wanapapasa tairi yangu ya mbele kama wanaosalimia mtoto mchanga, halafu ndio wanaenda kupanga mstari. Hata kapteni wetu, Kibet, mtu wa ofisi ya kilimo, mtu wa kalamu mbili mfukoni, anayesema hayo ni mambo ya kizamani. Nimemwona. Huwa anapapasa akijifanya anafunga kamba ya kiatu.

Leo nimejaa fahari mpaka shati linabana. Wacha niieleze vizuri.

Katika klabu tuna Mwalimu Nasimiyu. Anafundisha darasa la nne kule Naitiri, mtu mpole, lakini ukimpa kilima utaona vumbi yake tu. Mbio mbili zilizopita alikuwa anaongoza, na mara zote mbili pancha ikamtoa. Mara ya pili alirudi amebeba baiskeli begani, viatu mkononi. Akailaza chini mbele yetu akasema, "Ya tatu nauza. Na mtu asinibembeleze."

Hakuwa anatutisha. Mteja alikuwa ameshapatikana, binamu yake wa Ndalu, aliyetaka kuifungia keria abebee maziwa. Nilifikiria baiskeli ile, nyepesi kama mwavuli, ikiwa imefungwa mitungi ya maziwa pande zote, nikahisi uchungu kama wa kufiwa.

Halafu akanigeukia mimi. "Mzee wa Doha, tairi za mbio za Bungoma utanichagulia wewe. Wewe ndio uko na bahati."

Wananiita Mzee wa Doha kwa sababu nilikaa kule miaka miwili. Nililinda maegesho yenye magari ambayo tairi yake moja tu ingejenga nyumba na ibaki ya kuezeka choo. Shule niliachia kidato cha pili, lakini tairi nimezitazama kwa miezi ishirini na nne, saa kumi na mbili kwa siku. Nani mwingine hapa ana digrii kama hiyo?

Basi nikaanza kazi. Salim, rafiki yetu mwenye duka la vipuri karibu na msikiti hapa Bungoma, aliniazima jozi tatu. Za kwanza nyembamba na ngumu, zile vijana wanapenda. Za pili pana kidogo na laini, mpira wake mwepesi. Za tatu nazo pana, lakini nzito, zina ukanda mgumu chini ya mpira wa kuzuia miiba. Nikarudi nazo Kitale, ninakouza viatu vya mitumba.

Jumatatu nikaenda kwenye mteremko mmoja njia ya Kiminini. Nilikuwa napanda juu, najiachilia bila kukanyaga pedali, na pale baiskeli inaposimama yenyewe naweka gunzi la mahindi. Nabadilisha tairi, narudi juu, najiachilia tena, naweka gunzi lingine. Kitale ukikosa chaki, gunzi hukosi.

Mama mwenye shamba la hapo alinitazama kwa muda mrefu sana akiwa ameegemea jembe. Mwishowe akaita, "Wewe baba, hayo magunzi unayapanda kwenye lami yataota lini?"

Nikamwambia, "Mama, hii ni sayansi."

"Sayansi ya kuteremka? Si hata gunia la mahindi linajua kuteremka!"

Nikacheka mpaka nikasahau gunzi la tatu ni la jozi gani. Ikabidi nirudie zote.

Matokeo yalinishangaza hata mimi. Zile pana na laini zilienda mbali kuliko zote. Nyembamba zikafuata. Nzito zenye ukanda zikasimama mapema kama punda aliyeona maji.

Kibet hakukubali. Kwake yeye, na kwa vijana wote, tairi ya kasi ni nyembamba na unaijaza upepo mpaka ukiigonga inalia kama kengele. Hiyo ndiyo imani yetu huku, tumeirithi kwa watu wa boda za baiskeli: tairi laini ni ya mtu mvivu wa kupampu. Nikamwambia kama hataki gunzi, alete saa.

Jumatano klabu ilikuwa na mbio za kushindana na saa, zile za kila mtu kwenda peke yake na mwenzako anaachiliwa dakika moja nyuma. Nilienda kwanza na zile nyembamba. Nikapumzika, nikanywa chai, nikarudia njia ileile na zile pana nikiwa nimezipunguza upepo. Kumbuka mara ya pili miguu ilikuwa imechoka. Na bado nilikuja mapema kwa sekunde kumi na tisa.

Kibet aliitazama saa yake, akaitikisa, akaiweka kwenye sikio. "Hii saa ni ya ofisi bana," akasema. "Haiwezi kudanganya."

Si uchawi. Lami yetu ina kokoto. Tairi ngumu ikikutana na kokoto inaruka, na kila ikiruka umepoteza mwendo kwenda juu badala ya kwenda mbele. Tairi laini inalimeza lile kokoto na kuendelea na safari. Nilipomaliza zile za kwanza meno yalikuwa yanacheza. Za pili ningeweza kunywa uji njiani.

Lakini kushindana na saa ni kitu kimoja, na mbio za kundi ni kingine. Ukiwa peke yako unaiona barabara, unachagua pa kupita. Ukiwa kwenye kundi unaona makalio ya aliye mbele yako tu, na akipita kwenye chupa, nawe unapita kwenye chupa. Tena njia ya Kibabii kwenda Chwele ina trekta za miwa, kila kitu kinaangushwa pale.

Ndio nikaamua: mbele awe na ile pana na laini, nyuma ile nzito yenye ukanda. Uzito wa mtu unakaa nyuma, na takataka ambayo tairi ya mbele inaiamsha, ya nyuma ndiyo inaikalia. Kibet alipoziona alishika kiuno. "Ati mwalimu wa watu unamvalisha patipati mbele na gambuti nyuma?"

Nikamwambia ndiyo, ndala mbele, buti la mvua nyuma. Na akitaka nimchagulie yeye pia, apange foleni.

Ijumaa tukazifunga dukani kwa Salim. Nasimiyu aliuliza swali moja tu: "Umechagua wewe mwenyewe?" Nikasema ndiyo. Akasema, "Basi," akapapasa tairi yangu, akaenda. Nilikuwa na neno la kumwambia pale. Nilifungua mdomo kabisa. Nikalimeza.

Leo wanawake waliachiliwa saa tatu asubuhi, mizunguko miwili. Mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha na barabara ilikuwa rangi ya kakao. Nilisimama kwenye kona kupita Kibabii, nimebeba gurudumu la akiba begani, nikimngoja Nasimiyu.

Mzunguko wa kwanza, kundi likatokea. Wote matope, hujui jezi ya kijani wala nyekundu. Nikasikia psssss. Msichana mmoja akainua mkono akatoka pembeni. Nilikimbia kama mwizi. Kumfikia, si Nasimiyu. Ni wa klabu nyingine, sijawahi kumwona, na machozi yamechora mistari miwili kwenye matope ya uso wake.

Nikampa gurudumu. Sikufikiri. Nikamfungia, nikamsukuma, nikampigia kelele akanyage. Alipopotea ndio nikatazama bega langu, nikaliona halina kitu. Mzunguko mmoja bado, na mtu wangu hana akiba.

Ule mzunguko wa pili niliungoja nikiwa nimechuchumaa kama mtu anayeumwa na tumbo.

Nasimiyu alipita wa tatu, mdomo wazi, tairi zote mbili zimejaa. Alimaliza wa pili. Wa pili, jamani! Nilipofika kwenye utepe nilikuwa nimepoteza sauti na kiatu kimoja. Mimi mwenyewe mchana nilimaliza wa kumi na tisa, lakini hiyo si habari ya leo.

Salim aliipindua baiskeli ya Nasimiyu juu chini akaanza kuchokonoa tairi ya nyuma kwa sindano. Akatoa kipande cha chupa. Akatoa kingine. Akatoa mwiba mrefu kama kijiti cha kiberiti. Vyote vilikuwa vimeingia, na vyote vilikuwa vimegota kwenye ule ukanda. Nilitaka kulia. Gambuti langu lile.

Lakini Nasimiyu hakuutazama mwiba. Alinishika mkono akauinua juu mbele ya watu. "Si niliwaambia? Ni bahati ya huyu mzee! Binamu wangu atafute baiskeli kwingine. Mbio za Kitale mwezi ujao narudisha zile zangu nyembamba, wewe uziguse tu, zitafika."

Watu wakapiga makofi. Wakaja kupapasa tairi yangu, hata wa klabu nyingine. Na mimi nikacheka nao, kifua mbele, kama mjinga.

Ziguse tu, zitafika. Nimekaa hapa na hilo neno tangu saa kumi. Hazitafika, Mwalimu. Zile nyembamba zitatoboka hata nikizilamba.

Najua unasoma hapa kwenye ukurasa wangu, ulishaniambia. Kwa hivyo soma mpaka mwisho, na Kibet naye asome, na wote wanaopapasa.

Nimepata pancha mara kumi na moja. Huwa naachwa nyuma, naziba harakaharaka, nakuja nasema nilisimama kumsalimia shemeji wa Kiminini. Sina shemeji Kiminini. Zile kumi na moja ndizo zilinifunza tairi. Bahati sina, na sijawahi kuwa nayo. Nilidanganya.