Perege Wawili wa Mwalimu Aniceti

Jumatatu, 11 Novemba

Pepa ya kwanza imepita! Uraia. Swali la mwisho nimejaza ukurasa mzima na bado nilikuwa na maneno. Zimebaki siku kumi na nane, halafu likizo! Naini, rafiki yangu anayekaa hosteli, atanipeleka kwao Simanjiro. Wiki mbili bila kengele, maziwa ya moto, kulala mpaka saa nne. Kanicheka: kwao saa kumi na moja alfajiri ng'ombe wameshaamsha kila mtu. Shauri yao hao ng'ombe.

Kikwazo ni kimoja — Baiolojia. Kwenye moko, ule mtihani wa majaribio, nilipata F. Nisipofaulu, chuo cha uuguzi nisahau. Mama wala hakunigombeza. Kasema tu gengeni kwake sokoni kuna nafasi ya mtu wa kukaa kwenye nyanya. Afadhali angenigombeza.

Alhamisi, 14 Novemba

Jamani! Nimeona kwa macho yangu!

Kila mtu Kidato cha Nne anajua: kabla ya praktiko, ule mtihani wa vitendo, mwalimu wa maabara huenda sokoni, na anachonunua ndicho tutakachokuta mezani. Leo nilikuwa nimemshikia Mama genge dakika kumi tu — anatokea nani? Mwalimu Aniceti wa maabara, na kikapu! Moja kwa moja kwa muuza samaki. Kachagua perege wawili wakubwa wa ziwani. Halafu kakataa wasiparwe magamba wala kupasuliwa, anawataka wazima vilevile.

Nani anakula samaki na magamba yake? Hiyo ni praktiko!

Nikakimbia hosteli bila hata kumuaga Mama. Mpaka jioni kambi yetu yote ya kujisomea, watu saba, ilikuwa na habari. Jesse alinibeba juu juu. Naini peke yake kaguna: je, kama mwalimu ana njaa zake tu? Nikamwambia asilete nuksi.

Jumamosi, 16 Novemba

Samaki, samaki, samaki. Mapezi, magamba, matamvua. Nimechora perege mara tisa, yule wa tisa hata Mama kamtambua. Vipimo vya chakula hatujagusa. Mizizi hatujagusa. Panzi, kwaheri. Salme aliomba turudie angalau wanga na protini, nikamwambia asitupotezee muda. Mimi, mwenye F! Ila raha ya kuwa na uhakika sijaionja siku nyingi. Nimefua mpaka gauni la safari.

Jumapili, 17 Novemba

Mungu wangu.

Baada ya ibada, nje ya kanisa, nilimwamkia Mama Heriel, mke wa Mwalimu Aniceti. Shikamoo, marahaba, habari za nyumbani. Akasema kachoka, wiki nzima ana mgeni, baba mkwe wake. Mzee hagusi samaki mpaka amwone macho na magamba, anadai mjini watu wanauziwa waliooza. Alhamisi walimpikia perege wawili. Kala wote peke yake, kabakiza miiba!

Nilisimama pale nachekacheka kama zuzu. Praktiko yetu imeliwa na ugali.

Ilikuwa saa sita mchana. Praktiko ni kesho asubuhi. Ningekaa kimya nikasoma, labda D ningeipata. Lakini wale sita? Ni mimi niliyewafungishia vitabu. Na simu ya nyumbani anayo Mama, kaenda msibani Dareda.

Nikaenda kwa miguu. Hosteli kwanza. Naini hakusema "nilikwambia", na hiyo ndiyo iliyoniuma. Jesse, kwao Maisaka, kaniuliza akili zangu niliziacha wapi. Watatu wako Nangara, mmoja sikumkuta, ikabidi nirudi tena. Salme wa mwisho kabisa, kule Nakwa, nilimkuta anamsuka mdogo wake. Kanisikiliza mpaka mwisho, kasema asante, kaingia ndani kusoma. Mtoto kabaki na nusu kichwa.

Nimefika nyumbani giza linaingia, miguu hainibebi. Nimefungua kitabu. Nimesinzia ukurasa wa kwanza.

Jumatatu, 18 Novemba

Naandika kwenye karatasi ya maandazi, nitaibandika humu baadaye. Kundi la kwanza wako maabara. Sisi kundi la pili tumefungiwa darasani tusikutane nao. Vitabu vimechukuliwa vyote, msimamizi kakaa mlangoni. Kambi nzima tuko humu. Jesse hajanisalimia. Salme kanipa nusu andazi.

Wanga ni ayodini, inageuka bluu-nyeusi. Baada ya hapo kichwani hamna kitu. Naogopa, sitaki kudanganya. Naziona nyanya zile.

He! Mwalimu Aniceti huyo, anatoka stoo kwenda maabara. Kabeba beseni limefunikwa kitambaa, na upepo unakipeperusha. Anakuja upande wetu. Aliye dirishani ni mimi peke yangu.

Jesse kainua kichwa. Wote sita wamenigeukia, hata Naini! Wananiuliza kwa macho: nini? Ni nini?

Nimelipa beseni kisogo, nimeangalia darini. Kuna mbao kumi na moja. Jesse anasaga meno. Nazihesabu upya, polepole.