Nafasi Ishirini kwa Kila Jina

Jumatatu, 4 Machi 1996

Kiwanda kimeuzwa. Tuko mia nne, mwenye mali mpya anabakiza mia na ishirini. Orodha naitoa mimi — ndiyo faida ya kuijua C, lugha ya kuandikia programu za kompyuta! Nimepanga majina kwenye jedwali la herufi: mistari 120, kila mstari nafasi ishirini. Bwana Athanas, meneja utumishi, amekagua, karidhika. Mwishoni akataka Mikidadi Kolowa aandikwe majina yote matatu. Nikayaandika, nikachapa, nikaenda kula.

Jumatano, 6 Machi

Orodha imebandikwa getini. Dada Filomena Kobero hayumo. Miaka kumi na minne kwenye mashine za kufuma. Juzi wakati wa kukagua alikuwemo, nilimwona. Chini ya Mikidadi palichapwa "Kolowa" peke yake. Bwana Athanas alidhani jina limejirudia, akalikata kwa kalamu.

Filomena kaisoma mara tatu, kidole kikipita jina kwa jina. Hakulia. Kauliza kama kuna karatasi nyingine. Mlinzi kamsukuma.

Alhamisi, 7 Machi

Kosa ni langu. "Mikidadi Abdulmajid Kolowa" — linazidi nafasi ishirini. Pointa, kielekezi kinachonakili herufi, haijui mstari unaishia wapi, inaandika tu. "Kolowa" ikamwagikia mstari wa chini, juu ya jina la Filomena. Kwenye memori ya kompyuta amebaki "a Kobero". Basi.

Nikamweleza Bwana Athanas. Akafunga mlango. Tukikiri kosa moja, alisema, wote walioachwa watadai wamekosewa, na wa kwanza kuondoka nitakuwa mimi. Halafu, taratibu:

"Yule mdogo wako Veronika, bado yuko nyumbani tu?"

Kumbe nafasi moja iko wazi. Nikasema bado yupo.

Jumatatu, 11 Machi

Filomena kaja dirishani ofisini. "Mdogo wangu, hebu niangalizie kwenye mashine. Labda nimerukwa."

Nikabonyezabonyeza, skrini nimeigeuzia kwangu. Nikamwambia kompyuta haikosei.

Akanishukuru.

Jumamosi, 16 Machi

Veronika anaanza kazi Jumatatu, na hajui hata kuunga uzi uliokatika. Mama, asiyejua lolote, kamwita Filomena aje amfundishe. Kaja kwa miguu kutoka Mafiga, mtoto mgongoni. Malipo hataki, anasema hata yeye alifundishwa bure.

Wako uani. Nimejifungia chumbani, nasingizia kichwa. Namsikia: "Usiuvute. Ulegeze kwanza." Ana subira kuliko mwalimu yeyote niliyewahi kuwa naye. Veronika kamwuliza sasa atakwenda wapi. Kwao Mkuyuni, kulima. Wanawe wakubwa wawili ameshawatoa shule.

Halafu Veronika, kwa upole wake wote, kamwuliza ni nani aliyeachia hiyo nafasi anayoingia yeye.

Filomena ananiita. Anasema nitoke kidogo tu, ana swali moja. Nimejibu nakuja. Mama naye ananiita. Nimejibu tena nakuja. Bado nimekaa kitandani —