Mkanda Ulioandikwa Mswada

Nyamira,
Jumapili, baada ya ibada

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute umeketi, na goti lako la kushoto limekupa nafasi ya kupumua. Mimi mwili ni mzima. Mvua za huku, ambazo huanza kila siku baada ya chakula cha mchana kana kwamba zimeajiriwa, zilinishika kifua mwezi uliopita, lakini nimepona. Habari za moyo utazijua mwenyewe ukimaliza kusoma.

Barua yako ya tatu nimeipata. Umeuliza lilelile: mkanda wenye sauti ya baba uko wapi, na utafika kabla ya ibada ya kumkumbuka atakapotimiza mwaka? Mama, mara ya kwanza nilikujibu kwamba mashine imeharibika. Mara ya pili nikasema nangoja betri. Nilikudanganya. Mashine ni nzima na betri zimejaa kabatini.

Unajua kazi iliyonileta huku. Tangu Bunge lianze kuzungumza Kiswahili, walimu wa historia wanaulizwa na wanafunzi mambo ambayo wao waliyasoma kwa Kiingereza tu. Ndipo nikaletwa mimi, mtu wa pwani, niwafunze walimu wa Kisii na Nyamira namna ya kufundisha jinsi sheria inavyotungwa, kwa projekta ya picha na tepurekoda. Walimu wanaigiza Bunge, wanajirekodi, kisha tunasikiliza nani kakosea wapi. Mikanda ni michache, kwa hiyo nimewazoesha: kwanza rekodini mswada, tuurekebishe, halafu juu yake rekodini safi.

Kilichowashinda ni kule mswada wa sheria kusomwa Bungeni mara tatu. Mwalimu mmoja wa kutoka Nyacheki aliniuliza, "Kwani hawa waheshimiwa hawasikiangi mara moja?" Darasa zima likacheka, nami nikacheka. Hapo ndipo nilipomkumbuka baba na matangazo yake ya ndoa kanisani, Jumapili tatu mfululizo, mwenye pingamizi aseme. Ndiyo maana likizo ile ya Agosti nilikuja Rabai nimebeba mashine.

Unakumbuka alivyovaa koti la kanisani ili asome mbele ya mashine sebuleni kwake mwenyewe. Alitangaza ndoa ya watu wa kubuni, akakohoa katikati, akajikasirikia. Nilipomweleza kwamba mswada wa Bunge nao husomwa vivyo hivyo, alinitazama juu ya miwani. "Mswada nijuao mimi ni karatasi unayoandika kabla hujaandika yenyewe," akasema. "Basi na hii yangu iandike mswada. Safi nitakusomea Krismasi."

Nikaandika MSWADA juu ya kopo la mkanda, kwa wino mwekundu, kumfurahisha tu. Krismasi haikumkuta. Simu ya msiba ilinifikia nikiwa darasani, nami nikaingia Rabai siku mbili baada ya maziko. Hilo linaniuma mpaka leo, na sijui kama litaacha.

Niliporudi huku niliukusudia mkanda ule kwa somo moja tu, kisha nikuletee. Asubuhi ya somo nikaitwa ofisini Kisii. Ufunguo wa kabati nilimwachia Mwalimu Nyaboke, anayefundisha shule ya hapa karibu, kwa sababu katika walimu wote hakuna mwenye bidii kama yeye. Nikamwambia wafanye mazoezi, nitawasikiliza nikirudi.

Nilirudi nikawakuta wamefurahi. Walikuwa wamepitisha mswada wa kuzuia mbuzi kuzurura sokoni, Nyaboke akiwa Spika, blanketi begani. Wakaniwashia mashine. Nikasikia, "Wanaokubali waseme ndiyo," na darasa likiitikia. Kisha nikaliona kopo mezani, na wino wangu mwekundu.

"Huu mkanda mmeutoa wapi?" nikauliza.

"Hapo kabatini, mwalimu. Si imeandikwa mswada? Na wewe ulisema mswada ni ile kitu bado haijaisha."

Alisema kweli tupu. Nilitoka nje nikasimama kwenye mvua kama mtu asiye na akili. Baadaye niliwaeleza sauti waliyoifuta ilikuwa ya nani.

Siku ya pili yake Nyaboke alikuja nyumbani kwangu na mama yake mzazi, wamebeba mkungu wa ndizi, unga wa wimbi na mboga zile chungu za huku, chinsaga. Mama yule hajui Kiswahili. Alinishika mkono akakaa nao tu. Nyaboke alilia. "Mwalimu, ni kama mimi nimezika mzee mara ya pili," akasema. Nikamwambia mwenye kosa ni aliyeandika kopo, si aliyelisoma. Lakini mama, tangu siku hiyo sikuugusa mkanda ule, na kukwambia wewe nikashindwa. Wewe huombi kitu. Umeomba kimoja tu.

Wiki iliyopita, barua yako ya tatu ilipofika, Nyaboke aliniona uso akajua. "Mwalimu, tusikize mpaka mwisho," akasema. "Sisi mswada yetu ilikuwa fupi. Labda haikumaliza yote."

Tukakaa wawili, mlango wazi. Mbuzi wakapigiwa kura, darasa likapiga makofi, kisha kimya. Matangazo ya ndoa hayapo hata moja, mama. Nikanyoosha mkono nizime. Ndipo kuku akalia, kuku wa kwetu, na sauti yako ikatoka jikoni: "Baba Samweli, uji unapoa."

Na baba, karibu kabisa na mashine, akaitika: "Naja."

Mkanda ukaisha hapo. Kumbe siku ile nilisahau kuzima. Nililia mbele ya mwanafunzi wangu bila haya.

Hayo tu ndiyo yaliyobaki. Sina sauti yake ya kanisani ya kukupa, na nakuomba unisamehe, kwa hili na kwa uongo wangu. Nilitaka kuutuma kwa posta, uazime mashine ya misheni. Nyaboke akakataa. "Usitume na posta. Mama atasikia na nani?" Basi nimeomba ruhusa, na mkuu wangu amekubali niondoke na mashine. Nitafika kabla ya ibada.

Nisalimie dada mkubwa, na umwambie asinigombeze mpaka nimekula. Msalimie mjomba fundi seremala, aliyenisimamia maziko mimi sipo, na mama mdogo pamoja na wanakwaya wenzake. Mchungaji naye msalimie, ila asitangaze habari za mkanda kanisani. Huu si wa kusomewa watu. Ni wako.

Siku hiyo pika uji, mama. Naja.

Mwanao,
Samweli