Maua Saba ya Kaburi la Baba

Madaba,
24 Juni 2024

Mwanangu Recho,

Salamu nyingi kutoka hapa nyumbani. Mimi sijambo, ila goti na kukosa usingizi. Huko Bombambili mu wazima? Kazi yako ya kugandisha maua kwenye rezini, ile gundi inayokauka kama kioo, inakwendaje? Nakuandikia kwa sababu simu ni ya jirani, na jirani ana masikio.

Asubuhi ile ulipoondoka, siku ya pili baada ya kumzika baba yako, wanawake walikwenda kufagia kaburi wakakuta shada la maua lililowekwa na kwaya limenyofolewa katikati. Maua saba hayapo. Cha kaburini hakiguswi mpaka arobaini ipite, hata mtoto anajua. Maneno yakaanza. Juzi Brayson wa baba yako mdogo Urban kashikwa degedege, na sasa wanasema aliyechuma maua ndiye anayemmaliza mtoto. Wanamtaja Bibi Kunegunda, kwa kuwa alionekana kule akichuma mboga. Mzee wa watu, anaishi peke yake, macho mekundu kwa moshi wa kuni. Hayo tu yametosha.

Naogopa, mwanangu. Hapa mtu akishaitwa mchawi, jina halimtoki.

Mama yako,
Verediana

Bombambili, Songea,
27 Juni 2024

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Barua nimeipata kwa kondakta wa basi. Kaa chini kwanza.

Maua niliyachuma mimi. Nilipita kumuaga baba kabla ya gari, nikaona yatanyauka bure. Nilisahau mwiko, au niseme ukweli, nilijifanya nimesahau. Hapa mjini watu huniletea maua ya harusi na ya misiba, nimezoea. Niliyakausha ndani ya mchele, nikamimina rezini kidogo kidogo, nikapitisha moto wa kiberiti juu yake kuondoa mapovu. Nilitaka iwe zawadi yako, uiweke karibu na kitanda.

Ningeweza kuyarudisha ningeyarudisha leo hii, lakini rezini ikishaganda haifunguki. Waambie ni mimi. Na Brayson apelekwe zahanati haraka, asingoje ramli.

Mwanao,
Recho

Madaba,
3 Julai 2024

Mwanangu,

Marahaba. Mimi ni mzima wa mwili tu. Barua yako niliisoma jikoni, nikaitia motoni. Sijamwambia mtu.

Usinihukumu. Nimemzika mume, sitaki kukuzika na wewe. Hebu fikiri: maua ya marehemu yamefungwa kama kwenye kioo, hayaozi, na aliyeyafunga ni binti yake. Nani hapa ataamini ni pambo? Brayson alipelekwa zahanati, anaendelea vizuri, lakini Urban kashamwita mganga. Jumamosi kuna kikao cha ukoo. Bibi Kunegunda amekatazwa kuteka maji kisimani, na jana walilitupia mawe bati lake. Leo alikuja kuniomba chumvi. Nikanyamaza ndani mpaka akaondoka. Ndiye aliyekupokea siku unazaliwa, Recho. Naona aibu, lakini hofu imeizidi aibu.

Kivunje kitu hicho, ukitupe mbali. Usije. Usiandike.

Mama yako

Songea, stendi,
5 Julai 2024

Mama,

Shikamoo. Utanisamehe kwa mwandiko, naandika nimesimama kwenye foleni. Nimekuja kukata tiketi.

Nilishika nyundo, Mama, nikashindwa. Kikivunjika, hakuna kitakachoonyesha kwamba Bibi Kunegunda hakuyachuma. Maua yote saba yamo humo, yanahesabika.

Nimeogopa kuliko siku ile tuliyopigiwa simu ya msiba wa baba. Nawaza mawe, namwaza baba mdogo nikimjua hasira zake. Lakini mwanamke mzee ananyimwa maji kwa kosa langu, na mimi nakula na kulala hapa mjini. Kesho napanda gari la kwanza. Sitaanzia kwako. Nitaanzia kwake, nimpigie magoti, halafu tutakwenda kikaoni pamoja. Kitu nitakiweka mbele yao na waniulize mimi. Wakiuliza kama ulijua, nitasema hukujua.

Barua hii simpi kondakta. Atakuletea Bibi Kunegunda mwenyewe, kabla hatujakwenda. Akibisha hodi, mfungulie.

Mwanao,
Recho