Njiti mbili za kiberiti

Bwana we, uko wapi? Nimeumbuka, na usaili wenyewe wa kazi ya fundi umeme ni kesho saa mbili asubuhi.

Baba mkwe alikuja kunifanyisha mazoezi. Unamjua, miaka thelathini msimamizi wa mafundi umeme. Akakaa sebuleni kama jopo zima.

"Kabla ya kugusa waya, unafanya nini?"

Nikamwaga majibu. Nazima swichi kubwa, napima kwa testa, navaa glavu. Mzee anaitikia kwa kichwa, karidhika kabisa.

Mimi na kiherehere changu nikamwambia mke wangu anipigie pasi shati la kesho, mzee aone nilivyo tayari.

Akaleta pasi. Ile pasi yetu isiyo na plagi. Nyaya mbili tupu ndani ya soketi, zimekazwa kwa njiti za kiberiti.

Njiti, ndugu yangu. Mbele ya yule mzee.

Akaziangalia weee, kisha akauliza taratibu, "Fundi wa nyumba hii ni nani?"

Nikasema tumemwita, hajafika.

Mke wangu hata hakuinua macho kwenye shati. "Mwezi wa nne huu, baba. Kila siku anasema kesho. Na kesho yenyewe ana usaili."