Kila Mmoja Anachimba Msingi Wake

Mpendwa mshauri,

Naomba msaada wako kabla sijalia mbele za watu, maana mbele za Mungu nimeshalia vya kutosha. Mimi ni mama wa makamo, nashona nguo hapa nyumbani, na mama mkwe wangu yuko nasi tangu avunjike nyonga mwaka jana, analala sebuleni nyuma ya shuka niliyoitundika kama pazia, na akihitaji beseni wageni wanajifanya wanatazama dari, naye mama wa watu, aliyefundisha shule maisha yake yote, anajifunika uso kwa mtandio, basi tukakubaliana tumwongezee chumba ubavuni mwa nyumba, chenye choo chake, na shida ikaanzia hapo, si kwenye chumba, kwenye msingi.

Mume wangu anataka tumwage zege moja pana juu ya ardhi, msingi na sakafu kwa mpigo mmoja, ili mama yake ahamie upesi. Kaka yangu, mchomelea vyuma, anasema udongo wetu mweusi kiangazi unapasuka mpaka kuku anatumbukiza mguu, na mvua ikija unavimba, kwa hiyo zinatakiwa nguzo za zege na nondo zishuke chini kabisa. Fundi mwashi tuliyemwita naye anasema msingi wa mawe, kama wa nyumba kubwa, mambo ya nguzo ni ya maghorofa. Kila mmoja alinifuata kwa wakati wake nikiwa kwenye cherehani, kila mmoja akaniuliza, "Au wewe unaonaje?", nami mshauri sipendi kumvunja mtu moyo, kwa hiyo nikamjibu kila mmoja, "Mungu akipenda, itakuwa hivyo hivyo."

Jumamosi iliyopita nafungua mlango nakuta kaka anachimba mashimo ya nguzo, fundi anachimba mtaro unaopita katikati ya mashimo ya kaka, na mume wangu anasukuma toroli la kokoto afukie vyote.

"Shemeji, unafukia shimo langu."

"Nafukia uwanja wangu. Dada yako alishakubali."

"Alinikubalia mimi."

Fundi akaegemea sepetu. "Jamani, mama alinikubalia mimi, tena kwa jina la Mungu."

Wote watatu wakanigeukia, nami nikasema nimeacha kitu jikoni.

Tangu siku hiyo kaka haji, fundi amebeba vifaa vyake, mume wangu ananijibu kwa kukohoa, na mama mkwe ananiuliza toka nyuma ya pazia, "Mwanangu, huko nje wanachimba chumba au kaburi langu?" Nimefunga siku tatu nikiomba ishara ni msingi upi, sijaona kitu. Nichague upi, mshauri, bila kumuudhi mtu?

Mama Cherehani

*

Mama Cherehani,

Pole wewe, na pole zaidi mama mkwe. Sasa nivumilie nikukaripie.

Nimeisoma barua yako mara mbili nikitafuta ulipoandika huo udongo mweusi unaishia wapi, sikuona. Wawili wamechimba, wa tatu amefukia, hakuna aliyechungulia. Ishara uliyoifungia siku tatu ilikuwa ndani ya mashimo ya kaka yako.

Nimemuuliza mhandisi ninayemwamini. Zege la juu juu kwenye udongo unaovimba lifute: litapanda na kushuka, na siku moja mlango utakwama mama akiwa ndani. Mrudishe fundi achimbe shimo moja, mbali kidogo na ukuta wa zamani asije akaudhoofisha, mpaka kwenye ardhi ngumu. Ikipatikana kabla shimo halijafika kiunoni, jengeni kwa mawe yashuke mpaka hapo. Shimo likipita hapo na udongo bado ni mweusi, kaka yako yuko sahihi, ziwe nguzo, zifungwe kwa mkanda wa zege, na mhandisi aje azipime. Ukuta mpya usishikanishwe na wa zamani, uachiwe nafasi ndogo, maana chumba kipya lazima kitadidimia kidogo. Na sakafu iwe sawa na ya sebuleni, bila kidato hata kimoja cha kupanda. Mmegombana hivyo kwa ajili ya mtu mwenye nyonga mbovu, na hakuna aliyetaja kidato.

Nikirudi kwako wewe. Hukumwachia Mungu uamuzi, ulijificha nyuma yake, na unajua. Anza na mume wako mkiwa wawili, umwambie zege lake halifai na kwamba hukuwa na ujasiri wa kusema hapana. Kisha uwaite kaka na fundi, uyarudie hayo wakikutazama usoni. Wataudhika. Kuudhika kwao kutapona haraka kuliko ukuta uliopasuka.

Halafu ingia kwa mama mkwe, ukae chini, umuulize kitanda anakitaka upande gani, dirisha litazame wapi, na chooni atajishikilia kwa mkono upi akiinuka. Chumba ni chake, na kati yenu wote ndiye pekee ambaye hajaulizwa. Muulize leo. Shimo lichimbwe kesho.