Mkono Haukuwa Umepata Moto, Methusela

Mwaka umezunguka, Methusela, tangu homa ikuchukue na kutuachia uwele wako shambani haujavunwa. Haya tunayokuambia leo, Bibi yako Anyesi aliambiwa na mkeo Priska siku ya kuondoa matanga, wakipepeta nafaka wawili tu. Mwaka mzima ameyabeba. Sasa anataka uyasikie, na waliokujua wayasikie pia.

Ulikuwa mtu wa kucheka kwanza, kujibu baadaye. Mtungi wa Bibi haukukauka siku zako. Mwenye mgonjwa alikuta umeshafika mlangoni kabla hajakuita. Bibi alikuita mume wake, na ulipomleta Priska akamwita mke mwenzake. Mkashindana kwa utani tangu asubuhi hadi ng'ombe wanarudi zizini.

Kiangazi kile reli ilipofika Dodoma, vijana wa Ipagala mliitana na wa Nkuhungu kucheza ule mpira mliofundishwa shuleni Mvumi: mmoja anarusha kwa chini, mkono ukipita pajani, mwenzake anaupiga kwa fimbo na kukimbia. Mrushaji wetu ulikuwa wewe. Wa kukupasha mkono moto kabla ya mchezo alikuwa Bibi, maana mwingine hukumkubali. Alikusugua bega kwa samli ya moto, kisha akakaa chini na kuinua ngozi kavu ya ndama mbele yake, nawe ukairushia mpira. Kwanza hatua tano, polepole. Kisha kumi. Sheria ilikuwa yake mwenyewe: hakuna kutia nguvu mpaka jasho litoke puani.

Sheria hiyo aliivunja yeye.

Asubuhi ya mchezo upepo ulikuwa wa baridi. Watu wa Nkuhungu walikwisha fika, wamekaa juu ya magogo wanatazama. Ulikuwa umerusha mara tatu tu. Bibi alipoona macho yote yako kwenu, utani ukamshinda.

"Mume gani huyu," akasema ili wasikie, "anarusha kama anayemwaga maji ya vyombo? Kesho narudi kwetu."

Magogo yote yakacheka. Ukarudi nyuma hatua ishirini, ukarusha kwa nguvu zako zote. Ngozi ikalia kama ngoma, Bibi akaanguka chali huku anacheka. Nawe ulicheka, umeshika bega. Hatukuuliza kwa nini umelishika.

Siku ile tulifungwa. Tangu hapo Bibi akakuita Mkono wa Mlenda: kisimani, shambani, hata mbele ya wakwe zako. Ulipohamishia jembe mkono wa kushoto, alisema uvivu nao umehama. Ukacheka, ukaenda kumtekea maji, mtungi begani, bega la kushoto.

Priska ndiye aliyejua kwamba bega la kulia hukuweza hata kulilalia. Alilisugua kila jioni kwa miaka miwili. Alitaka kumwambia Bibi, ukamkataza.

"Akijua, ataacha kunitania," ulimwambia. "Halafu nitataniwa na nani?"

Bibi aliposikia hayo aliweka ungo chini, na siku ile hakuushika tena. Watu wanamwambia utani hauna kosa. Yeye anasema wa kwake ulikuwa nalo. Juzi alikwenda kaburini kwako, akapiga magoti, akasema, "Nisamehe, mume wangu. Mkono haukuwa umepata moto. Nilijua, maana bega nililishika mwenyewe, nikalikuta baridi."

Mwaka huu wote hajamtania mtu.

Leo jua likielekea kuzama, mwanao Emilia aliuvuta ule mpira kutoka uvunguni, akamrushia Bibi. Ukaanguka njiani. Bibi akautazama palepale ulipoanguka.

"Mke mwenzangu," Priska akamwambia, "mtoto anakungoja."

Bibi akamvuta Emilia, akamsugua bega dogo lile, akasugua mpaka akaona linatosha, ndipo akasema kwa sauti ndogo, "Mkono wa mlenda huu. Wa baba yake kabisa." Mtoto akacheka, akarusha tena. Wakaendelea hivyo, hatua mbili, hatua tatu, hakuna aliyewaharakisha.

Siku zetu zote tutakuwa nawe moyoni, Methusela: mkeo Priska, kaka yako Marko, dada yako Stefania, mwalimu wako Bartolomayo, Bibi yako Anyesi anayeomba radhi, na mwanao Emilia, ambaye sasa hivi usingizi umemchukua juu ya ngozi ya ndama, mpira mkononi.